Kilicho Njiani Si cha Bure

Tangu treni ya mwendokasi, yaani SGR, ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, mipango ya likizo imeingiwa na ugonjwa. Familia inapanga kutoka Dar es Salaam kwenda makao makuu ya nchi, na kabla tiketi hazijakatwa, kundi la WhatsApp la ukoo limeshaongeza miji. Shukeni Morogoro, iko njiani. Mkitoka hapo shukeni na Kilosa, Mikumi si mbali. Jirani zetu Kenya nao wanapanga vivyo hivyo: Nairobi hadi Mombasa, na katikati Emali, Mtito Andei na Voi, kana kwamba vituo ni maembe ya kuokota chini ya mti.

Imani yenyewe ni nyepesi, ndiyo maana imeenea: maadamu treni inapita hapo, kushuka hakugharimu kitu. Mimi nasema kinyume chake. Katika safari ya treni hakuna kitu ghali kama kituo cha kuongeza, na ughali wake hauonekani kwa sababu hauandikwi kwenye tiketi.

Nianze na pale ambapo wenye imani hiyo wana haki. Pesa ya nauli haiongezeki sana. Nauli za SGR ya Tanzania zilipangwa kwa kilomita, na zilipotangazwa mwaka 2024 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar hadi Morogoro na 31,000 kutoka Dar hadi Dodoma. Anayekata safari vipande viwili analipia kilomita zilezile. Basi anatazama bei, anaona haijapanda, anaamini kwamba amepata mji mzima wa nyongeza bila kutoa kitu. Mtego uko hapo. Kinacholipwa ni saa, na saa za likizo hazina chenji.

Tuzihesabu. Treni hutumia chini ya saa mbili kutoka Dar hadi Morogoro, na kama saa tatu na nusu hadi Dodoma. Ukitazama tarakimu hizo peke yake, siku inaonekana ina nafasi tele. Lakini stesheni za SGR zinaendeshwa kama uwanja wa ndege. Unatakiwa ufike mapema, mzigo upite kwenye mashine, tiketi ikaguliwe, ukae ukumbini mpaka uitwe. Anayekwenda Dodoma moja kwa moja anapitia mambo hayo mara moja. Aliyeongeza Morogoro anayapitia mara mbili, na aliyeongeza Kilosa anayapitia mara tatu, kila mara akiwa na mabegi, na watoto wanaouliza tunafika lini.

Halafu kuna jambo ambalo ramani haisemi: stesheni si mji. Reli ya Mjerumani ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na stesheni zake ziliwekwa mahali ambapo miji ilikuwapo au ilikuja kuota pembeni yake. Ukishuka kwenye stesheni ya zamani ya Morogoro uko mjini kwa miguu yako. Huko Kenya, Nairobi yenyewe ilizaliwa na stesheni, reli ilipofika pale mwaka 1899 ikitokea Mombasa. Reli mpya ina tabia nyingine. Treni inayotakiwa kwenda kilomita 160 kwa saa haitaki kona kali, na ardhi ya katikati ya mji ni ya bei mbaya na imeshajengwa, hivyo stesheni zimesogezwa pembeni. Morogoro unashukia Kihonda. Nairobi unapandia Syokimau, na Mombasa unaachwa Miritini. Kila unaposhuka unaanza safari ya pili, ya bajaji au teksi au matatu, na utairudia kinyumenyume saa chache baadaye.

Sasa chukua saa nne ulizoitengea Morogoro, utoe kwenda mjini, kutafuta pa kuweka mabegi, kula, kurudi na kuwahi ukaguzi. Kinachobaki ni sahani ya chipsi Msamvu na picha ya milima ya Uluguru iliyopigwa bajaji ikiwa inakwenda. Uluguru haionwi hivyo. Kupanda hadi Morningside, kwenye jengo lililoachwa na Wajerumani, kunataka uamke mapema, uwe na mwenyeji wa kukuongoza, na mawingu yawe hayajashuka. Aliyepita Morogoro kwa saa nne hajafika Morogoro, na Dodoma nayo ameifikia usiku, amechoka.

Imani hii haikutoka hewani. Mzazi wake wa kwanza ni basi. Sisi tumefundishwa kusafiri na barabara kuu. Katika barabara ya Dar kwenda Mbeya, anayeshuka Chalinze kumsalimia shangazi hajapoteza kitu: anakunywa chai, anarudi barabarani, anainua mkono, na basi jingine linamchukua kabla vumbi la lile la kwanza halijatulia. Konda hamwulizi alianzia wapi. Barabara inapita katikati ya mji, na magari hayakatiki. Kwa basi, kituo kilicho njiani kweli ni rahisi. Treni haiinuliwi mkono. Inauza kiti fulani, katika behewa fulani, siku fulani, na ikishakuacha cha kuuliza ni kimoja tu: nyingine lini?

Mzazi wa pili ni Ulaya, au tuseme video za Ulaya. Ndugu zetu walio Ujerumani na Uholanzi wanatuonyesha wanavyozunguka miji minne kwa wiki moja na pasi ya Interrail, iliyoanza mwaka 1972, na sisi tunatamani vivyo hivyo. Hatutazami kinachowawezesha. Mtu akishuka Köln, Kanisa Kuu liko mlangoni mwa stesheni, makabati ya kufungia mizigo yapo humohumo ndani, na treni za kuendelea mbele ni nyingi kutwa nzima. Saa mbili za Köln zina maana kwa sababu hizo tatu. Ondoa moja tu, na saa mbili hizo zinageuka kuwa kusubiri. Tumeagiza tabia ya kushukashuka tukaacha nyuma makabati, stesheni ya katikati ya mji na treni ya kila saa.

Kwa hiyo kipimo cha kituo cha nyongeza ni jinsi ya kuondoka hapo. Mfano mzuri ni Voi. Katika reli ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, treni ya asubuhi ndiyo iliyopewa kazi ya kusimama vituo vya kati. Inaondoka Nairobi saa mbili asubuhi na kufika Voi karibu na adhuhuri. Anayeshuka hapo akitegemea treni ya aina hiyo hawezi kuendelea jioni. Amejifunga kwa siku nzima, mpaka treni kama hiyo ya kesho. Lakini angalia siku hiyo inamwangukia vipi. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji. Mchana wa jua kali anakula na kupumzika, alasiri anaingia hifadhini wakati wanyama wanaanza kutembea, analala, alfajiri anaingia tena, na adhuhuri yuko stesheni. Ratiba ya treni na ratiba ya tembo zimekubaliana. Voi inafaa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu iko kati ya Nairobi na Mombasa. Emali nayo iko kati, na watu huitaja kwa ajili ya Amboseli, ila kutoka stesheni hadi hifadhini bado kuna mwendo mrefu wa gari, na asiyepanga gari mapema ataishia kuufahamu vizuri mji wa Emali.

Ukitoka kwenye treni za kila siku, imani hii inakuwa hatari zaidi. TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kwa miaka mingi ratiba yake imekuwa ya treni mbili za abiria kwa wiki, huku ile ya haraka ikivipita vituo vidogo. Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ni mahali pa kushuka bila kujuta, mradi umekubali kukaa siku kadhaa, kupanda hadi maporomoko ya Sanje, na huna miadi na mtu. Anayeiweka Mang'ula kati ya Dar na Mbeya kwa sababu treni inapita tu, hana mpango, ana matumaini. Reli ya Kati ya zamani ni hivyohivyo. Tabora ina nyumba ya Livingstone pale Kwihara, na ni mji ambao kila mpenda historia anatakiwa kuuona. Ila treni ya kwenda Kigoma haiji kila siku. Ukishuka Tabora umeichagua Tabora, na huenda Gombe na Ziwa Tanganyika umeshaviaga.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, nitaambiwa kwamba ninainyima miji midogo wageni na fedha zao. Ni kinyume. Mgeni wa saa tatu anaacha hela ya soda na ya bajaji. Mgeni aliyelala analipa chumba, chakula cha jioni, staftahi, mtu wa kumwongoza mlimani, na asubuhi anapita sokoni. Wanaoipenda Morogoro waache kuigeuza kiraka cha safari ya Dodoma.

Pili, nitaambiwa kwamba mipango ya namna hii inaua raha, kwamba safari ni kujiachia. Lakini anayetazama saa kila baada ya dakika kumi ni nani? Ni yule aliyebana vituo vitatu ndani ya siku mbili. Kila kipande chake kinashikilia kingine: Desemba tiketi za kutoka Morogoro zikiisha, chumba alicholipia Dodoma kinalala kitupu. Aliyechagua kituo kimoja anaweza kuongeza usiku akipapenda, au kukaa kibarazani na kumsikiliza mzee mwenye hoteli mpaka amalize. Kujiachia kunataka nafasi, na nafasi hupatikana kwa kupunguza.

Kama bado unataka kuongeza kituo, na mara nyingine inafaa, basi kipe usiku wake. Kiweke wakati wa kwenda, si wakati wa kurudi, maana kurudi kuna kazi, shule, au ndege inayosubiri, na treni ikichelewa siku ya mwisho huna pa kuiba muda. Na kabla ya kuuliza mji una nini, uliza treni ya kukutoa hapo ni ya lini na kama tiketi yake ipo. Mashirika ya reli nayo yangetusaidia kwa kuweka makabati ya mizigo kwenye stesheni za kati, na kwa kuuza tiketi moja inayomruhusu abiria kushuka leo na kuendelea kesho. Mpaka hayo yatimie, tupange kwa reli tuliyonayo.

Hoja kubwa kuliko zote, hata hivyo, imo ndani ya imani yenyewe, na ajabu ni kwamba wanaoihubiri hawaioni. Mji ulio njiani ndio mji rahisi kuurudia. Kwa mkazi wa Dar, Morogoro iko chini ya saa mbili. Ni safari ya Jumamosi na Jumapili, mwezi wowote, bila kuomba likizo. Kwa mkazi wa Mombasa, Voi ni hivyohivyo. Siku za likizo ni chache na hutolewa mara moja kwa mwaka. Kuzitumia kwa sehemu unayoweza kwenda wikiendi yoyote, huku ukiikata siku moja sehemu ya mbali ambayo huenda usirudi tena, ni hesabu mbaya kwa shilingi na kwa saa. Kwa hiyo mji kuwa njiani ni sababu nzuri ya kuupita safari hii, ukauandikia wikiendi yake. Kwenye orodha yako ya likizo futa mji ulio karibu zaidi na nyumbani, na siku uliyookoa ipe mji wa mwisho wa reli.