Ghala moja halitoshi kwa programu huria

MKULIMA anayeuza mazao yake yote kwa mnunuzi mmoja hana sauti siku mnunuzi huyo anapobadili masharti. Wakulima wanalijua hilo vyema. Kinachosahaulika ni kwamba programu za kompyuta na simu zinazosaidia kilimo nazo zimefikia hali hiyo hiyo.

Programu huria ni zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzikagua na kuzirekebisha bila kulipia leseni. Mfano ni QGIS, inayochora ramani za mashamba, na ODK, ambayo watafiti huitumia kukusanya takwimu kwa simu hata pasipo na intaneti. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ni wa wote. Hata hivyo, mafundi wa programu zote mbili hufanyia kazi zao katika ghala moja, GitHub, lililoanzishwa Marekani mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5.

Hapana shaka GitHub imerahisisha kazi ya mafundi walio mbalimbali duniani. Lakini yaliyopita yanaonya. Google nayo ilikuwa na ghala la aina hiyo, Google Code, ikalifunga mwaka 2016, na wenye programu wakalazimika kuhama. Mwaka 2019 GitHub ilibana akaunti za watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kutokana na vikwazo vya Marekani. Wairani walisubiri hadi Januari 2021 kurudishiwa huduma kamili. Hawakuwa na kosa. Sheria ilikuwa ya nchi ya mwenye ghala.

Wapo watakaosema hakuna hatari, kwa kuwa Git, chombo cha kutunza msimbo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, humwachia kila fundi nakala kamili. Ni kweli, ni sawa na mkulima kubaki na mbegu nyumbani. Lakini taarifa za hitilafu na mijadala ya mafundi hubaki GitHub. Mbegu ipo, ila daftari la magonjwa na dawa zake limefungiwa ghalani. Programu iliyo kwenye simu haitazimika siku hiyo, bali marekebisho yake ndiyo yatakayokwama.

Dawa si kuikimbia GitHub. Umefika wakati kwa vyama vya ushirika na taasisi za utafiti kuuliza swali moja kabla ya kusaini mkataba na mtaalamu: nakala ya pili iko wapi? Msimbo na kumbukumbu za hitilafu vinaweza kuwekwa pia kwenye kompyuta ya chuo kikuu au ya taasisi yenyewe.

Hata mwenye duka anayemlipa fundi amtengenezee programu ya kutunza hesabu adai nakala ya msimbo mkononi, kabla hajamaliza malipo.