Iache Programu Ife

Leo naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, halafu nitatoa maoni ambayo najua baadhi ya waandishi wenzangu wa programu hawatayapenda.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kurekodi kilo za majani chai kwa kituo kimoja upande wa Nyamira. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: mizani inapima, karani anaingiza namba ya mkulima, risiti inatoka. Nilipokuwa naijaribu nyumbani, Kisii mjini, ilianguka mara moja na kuniachia maneno ambayo kila mtumiaji wa Linux anayajua: "Segmentation fault". Siku ya kuikabidhi ilikuwa karibu. Badala ya kutafuta chanzo, nikaifunga mdomo.

Niliifungaje? Hapa inabidi tuelewane kwanza kuhusu ishara.

Programu haigusi kumbukumbu ya kompyuta inavyotaka. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huigawia kila programu kurasa zake. Kwenye kompyuta zetu nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4096. Programu ikigusa anwani ambayo haikupewa, prosesa inasimama papo hapo na kuikabidhi keneli kesi. Keneli inaangalia majedwali yake, na ikiona kweli ni kosa, inaitumia programu ishara ya SIGSEGV, namba 11 kwenye Linux. Kugawanya namba kamili kwa sifuri kwenye prosesa ya Intel huleta SIGFPE, namba 8. Amri ambayo prosesa haiijui huleta SIGILL, namba 4.

Usipopanga lolote, ishara hizi huiua programu. Mipangilio ikiruhusu, keneli pia huacha faili liitwalo core, ambalo ni picha ya kumbukumbu ilivyokuwa wakati wa kifo.

Lakini mfumo unakupa ruhusa ya kuishika ishara kwa fankisheni yako mwenyewe kupitia sigaction. Ni SIGKILL na SIGSTOP tu ambazo haziwezi kushikwa. Mimi niliishika SIGSEGV, na kwa siglongjmp nikairudisha programu kwenye skrini ya mwanzo, iandike "Tayari" kama vile hakuna kilichotokea. Nilijiona mjanja kweli!

Zikaja mvua, majani yakawa mengi. Jioni moja mama mmoja alinikuta pale kituoni.

"Mwanangu, asubuhi nilileta kilo 8, jioni 15. Mbona hapa naona 8 tu?"

"Risiti ya jioni unayo, mama?"

"Haikutoka. Karani alisema karatasi imekwama. Mashine iliandika Tayari, nikaenda zangu."

Sikuwa na la kumjibu. Lori lilipopimwa kiwandani, kilo zilizidi zile za programu. Majani yalikuwapo, lakini wenyewe hawakujulikana.

Nikaiondoa ile fankisheni, nikarudia hali ile ile, nikaiacha ife, kisha nikalifungua faili la core kwa gdb. Haikuchukua dakika kumi. Nilikuwa nimetenga nafasi 500 za vipimo vya siku moja, na siku za mvua vilipita 500. Vya kwanza kupita viliandikwa juu ya data nyingine iliyokuwa jirani kwenye kurasa zetu wenyewe, kwa hiyo keneli haikuona kosa lolote. Vilivyofuata vilivuka mpaka, keneli ikapiga kelele, na mimi nikaizima. Waliopoteza ni wale wa mwisho kwenye foleni, ambao wengi wao hutoka mbali.

Basi maoni yangu ni haya: programu iliyopata SIGSEGV usiilazimishe kuendelea. Ishara ile haisemi kosa limetokea sasa hivi tu. Inasema kosa limeonekana sasa, na huenda lilianza zamani. Tangu hapo huwezi kuamini hata namba moja iliyo kwenye kumbukumbu. Hata kanuni za POSIX zinasema fankisheni yako ikirudi kawaida baada ya SIGSEGV ya kweli, kitakachofuata hakina uhakika. Mara nyingi amri ile ile hurudiwa, na kosa lile lile hutokea tena na tena.

Kuna watakaosema mbona mashine ya Java hushika SIGSEGV na kuendelea? Ni kweli, HotSpot hufanya hivyo kugundua vielekezi vitupu. Lakini wenyewe wanajua ni amri ipi inaweza kuleta kosa hilo na kwa nini. Isipokuwa ile waliyoitarajia, nayo hufa na kuacha ripoti. Mimi nilishika kila kitu bila kujua chochote.

Siku hizi nafanya hivi. SIGTERM, ambayo ni ombi la kufunga kwa adabu, naishika: inawasha alama moja tu, na programu inamaliza kazi iliyo mkononi kisha inatoka. SIGSEGV siigusi. Kila kipimo kinaandikwa kwenye faili na kuhakikishwa kwa fsync kabla ya risiti kutoka, na systemd inaiwasha upya programu iliyokufa. Karani akiona skrini imezima, anajua kipimo kisicho na risiti kirudiwe. Anakereka kidogo, lakini hakuna kilo inayopotea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Programu inayokufa hadharani inamwaibisha aliyeiandika, na hilo linavumilika. Ile inayoandika "Tayari" huku imeoza ndani inamlipisha mama aliyebeba majani mgongoni, na yeye hakuandika hata mstari mmoja.

Haya, tukutane tena.