Mama, si lazima uuze kitu kipya



Nje ya lango la kliniki ya watoto tunakohudumu, akina mama wanne walikuwa wakiuza maandazi. Maandazi yale yale, bei ile ile, saa ile ile. Kila mmoja alirudi nyumbani na nusu ndoo. Wawili walikosana hata wakaacha kusalimiana. Mwingine alifunga biashara, na karo ya watoto haijalipwa.

Wengi wetu tunadhani ubunifu ni kuvumbua kitu ambacho hakijaonekana duniani. Sivyo. Ziko njia nyingi, na tatu hizi zinatufaa hata sisi wenye mtaji mdogo.

Kwanza, boresha kitu chenyewe. Jiko la makaa la bati tulilijua tangu utotoni. Katika miaka ya 1980, hapa Kenya, mafundi walianza kulitia udongo uliochomwa kwa ndani. Joto likahifadhika, na makaa yakadumu zaidi.

Pili, badili namna ya kulipa. Huko Marekani, familia nyingi hazikumudu cherehani ya Singer. Mwaka 1856 kampuni hiyo ikaanza kuiuza kwa malipo ya polepole: unatoa kidogo, unaichukua, unamaliza deni huku ukishona. Cherehani ilikuwa ile ile. Lakini mama, ukikopesha, andika kila deni!

Tatu, mfuate mteja alipo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kutuma pesa nyumbani halikuwa jambo geni. Tulizoea kumpa dereva wa basi bahasha. Jambo jipya ni kwamba pesa zilipita kwenye simu, na mama akazichukua katika duka la jirani.

Yule mama aliyefunga biashara alikaa akatazama. Aliona wenzake wakifika kliniki alfajiri bila kutia kitu tumboni. Akarudi na uji wa wimbi katika chupa ya chai, akiwapitia kwenye foleni. Sisi wauguzi tulimsisitizia jambo moja tu: vikombe vioshwe kwa sabuni na maji safi. Wanywaji wa uji nao wakatafuta maandazi, na ndoo za wenzake zikaanza kuisha. Hata wale wawili sasa wanasalimiana.

Basi mama, kabla ya kukopa mtaji, shika daftari. Andika kinachowasumbua wateja wako: ni bidhaa, ni malipo, au ni mwendo? Badili kimoja tu, kijaribu kwa wiki mbili, kisha hesabu ulichopata.