DVD ya shilingi 3,000 iliyoishinda ya 12,000

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za watu zimenibana kweli kweli. Leo sitazungumzia programu wala simu. Nataka tuzungumze kuhusu mashine ya DVD, ile iliyokaa chini ya runinga ya mama yako ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Usicheke. Najua Netflix ilifika Kenya Januari 2016, na najua kampuni hiyo hiyo, iliyoanza kwa kuwatumia Wamarekani diski kwa posta, iliacha kuzituma Septemba 2023. Lakini nenda kwenye nyumba yoyote ya watu wa rika la wazazi wetu, ufungue droo ya kabati la runinga. Utakuta harusi, mazishi, ubatizo na mahafali, vyote ndani ya diski zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Vitu hivyo haviko kwenye intaneti. Mara nyingi haviko mahali pengine popote.

Kilichonifanya niandike ni diski moja ya namna hiyo. Mwaka wa 2007 dada yangu aliolewa, na baba akatoa hotuba. Baba alifariki 2011, na hatuna mahali pengine ambapo sauti yake ilirekodiwa. Juzi mama akaomba kuiona harusi ile. Nikaiweka diski kwenye mashine yangu, ya jina kubwa, niliyonunua 2006 kwa shilingi 12,000 na ambayo nimeisifu kwa kila mtu tangu siku hiyo. Ikazunguka, ikakwama, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikaihamishia kwenye tarakilishi. Ikahangaika dakika nzima, kisha kila kitu kikaganda hadi nikazima kwa nguvu.

Sasa, shangazi yangu wa Nakuru ana mashine ya shilingi 3,000 yenye jina ambalo sijawahi kuliona kwenye kitu kingine chochote duniani. Nimeicheka mashine hiyo kila Krismasi. Ndiyo iliyoisoma.

Nitarudi kwenye diski ya baba. Kwanza niseme kilichokuwa kikinizunguka kichwani ndani ya matatu nikirudi Nairobi na mashine ya shangazi mapajani. Kwa miaka mingi watu wameniuliza, wewe mtu wa kompyuta, DVD gani ni imara? Nami nimewajibu kwa kutaja jina la kampuni, kama mjinga. Kila mwenye mashine ana ushuhuda wake, na ushuhuda mwingi hauna maana.

Jirani yangu huapa kwamba yake ina miaka 15 na haijawahi kufunguliwa. Nikamuuliza huiwasha lini. Sikukuu. Basi hiyo haijafanya kazi miaka 15, imefanya kazi kama siku 60. Binamu yangu naye husema mashine za kutoka Marekani ni takataka kwa sababu yake ilikufa dakika ya kwanza. Ilitengenezewa umeme wa volti 120, akaichomeka kwenye stima yetu ya 240. Hata mimi ningekufa. Kisha kuna rafiki aliyetumiwa mashine na kaka yake wa Uingereza, akaitupa stoo kwa madai kwamba ni mbovu, hukataa diski. Haikuwa mbovu hata kidogo. Makampuni ya sinema yaliigawa dunia katika kanda: Uingereza iko kanda ya 2, sisi na sehemu kubwa ya Afrika tuko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Mashine ile ilikuwa ikitii amri. Nilitafuta namba za siri za kubonyeza kwenye rimoti, ikafunguka, akaitumia miaka mingine minne. Ukimwuliza leo, bado atakwambia DVD za Uingereza ni mbaya.

Kwa hiyo mtu anaposema "yangu haisomi" au "yangu ni chuma", uliza maswali kabla ya kuamini. Nilipokuwa chuoni nilijipatia nauli kwa kufungua mashine za majirani, na magonjwa niliyoyakuta yalikuwa machache sana, yakijirudia.

La kwanza ni sehemu ya umeme. Humo ndani kuna kapasita, vile vikopo vidogo vyenye majimaji. Joto huvikausha. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa takriban nusu. Sasa rudi kwenye kile kitambaa cha kufuma. Mama zetu waliziba matundu ya hewa kwa upendo, na juu ya kitambaa wakaweka king'amuzi au chombo cha maua. Kapasita ikivimba kichwa, mashine huwaka taa na kuzima, huwaka na kuzima. Ongeza stima inayopotea na kurudi kwa kishindo. Ongeza mende. Ndiyo, mende, wanapenda joto la ndani, na nimewahi kukuta ukoo mzima ukiwa umekaangwa kwenye saketi ya umeme. Hakuna kampuni inayoandika habari za mende kwenye kijitabu cha maelezo.

Kuhusu trei isiyofunguka sina mengi. Ni ukanda mdogo wa mpira uliolegea. Badilisha, endelea na maisha.

Lenzi ndiyo yenye mambo. DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye mawimbi ya nanomita 650. Mistari ya data kwenye diski imepishana kwa mikromita 0.74, ilhali kwenye CD ni 1.6. Lenzi yenyewe imening'inizwa kwa nyaya nyembamba kama nywele, na hupanda na kushuka ikiifuata diski ambayo, sehemu ya ndani inaposomwa, huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Mimi hushangaa kwamba kitu hicho kiliwahi kufanya kazi hata siku moja, sembuse miaka kumi karibu na jiko la mafuta ya taa. Masizi yanatosha kuipofusha. Na usomaji huanzia katikati kwenda nje, ndiyo maana sinema huanza vizuri kisha hukwama karibu na mwisho, pale ukingoni tunaposhika kwa vidole vya mafuta. Zile karatasi tulizokuwa tukibandika juu ya diski ili zipendeze nazo ziliifanya diski iyumbe.

Halafu diski zenyewe. Ya kiwandani hugongwa alama kwa chapa. Ya studio ya harusi iliunguzwa kwa leza juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo hubadilika kwa joto, jua na umri. Mashine nyingi zinazolaumiwa hazina kosa lolote. Diski ndiyo inayokufa, nayo haitoi taarifa.

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu nilipoona haya. Mashine yangu ya shilingi 12,000 ilipokutana na data iliyoharibika ilifanya kile tunachofundishwa kukifanya: ikakataa. Tarakilishi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kiendeshi cha tarakilishi hakiruhusiwi kubahatisha. Faili ya hesabu ikikosa herufi moja ni balaa, kwa hiyo hurudia kusoma palepale, na kurudia, na kurudia. Mashine ya shangazi haina adabu hiyo. Ikikosa kipande, inaweka miraba ya rangi kwenye skrini, inaruka, inaendelea. Mtu anayetazama harusi anahitaji hilo hasa. Nimeandika programu ngapi zinazomfungia mteja nje kwa sababu ya kosa dogo moja, halafu nikajiita makini?

Picha ya mashine yangu ni nzuri zaidi, hilo silikani. Na sitetei kila kisanduku cha bei nafuu kilichouzwa Luthuli Avenue. Nimefungua vingine visivyokuwa na hata fyuzi, hatari tupu. Nasema tu kwamba nilipima kitu kisichofaa. Nilihesabu miaka bila kuharibika. Nilipaswa kuuliza: ikishindwa, inashindwaje, na ni nani mjini anayeweza kuirudisha?

Hilo la pili nililijua wiki hiyo hiyo. Mashine ya shangazi ilisoma harusi hadi dakika ya 41, baba akiwa amesimama tu kuongea, ikakwama. Nikasafisha diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, nikasafisha lenzi kwa pamba na spiriti ya isopropili. Wapi. Nikazibeba mashine zote mbili hadi kwa fundi.

Akaifungua ya shangazi, akaitazama lenzi, akasema, "Kaka, leza imechoka. Nikizungusha hii skrubu kidogo niiongeze moto, itasoma leo."

"Na kesho?"

"Kesho sijui. Inaweza kuungua."

Mnaoijua skrubu hiyo mnajua nilivyojisikia. Mafundi wengi huizungusha, mashine husoma, mwenyewe huondoka akifurahi, leza hufa baadaye akiwa nyumbani. Huyu alinieleza kabla ya kugusa. Nikamwambia hapana, badilisha lenzi yote. Akavuta droo. Mashine ya shangazi ilitumia SF-HD62 ya Sanyo, lenzi iliyofungwa kwenye mashine za bei nafuu za viwanda vingi, na alikuwa nazo kadhaa zilizotolewa kwenye mizoga. Shilingi 600 pamoja na kazi.

Kisha akafungua yangu. Lenzi yake ilitengenezewa toleo hilo tu. Akacheka, akanirudishia skrubu zangu kwenye bahasha.

Usiku huo sikujaribu kutazama. Niliunganisha plagi ya njano, nyekundu na nyeupe kwenye kifaa kidogo cha kunasa video, kile cha USB, nikaingiza diski mara moja tu na kuiacha icheze huku tarakilishi ikirekodi. Kama una diski ya namna hii, fanya hivyo mapema, na usirudie kuichezesha ili kuwaonyesha wageni kabla ya kuinakili. Diski zinazosomeka na tarakilishi ni rahisi zaidi: kwa Linux tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima kisha hurudi kwenye zilizoharibika, na unaweza kuendelea siku nyingine kwa kiendeshi kingine. Usidanganyike kwamba mashine zitakuwepo tu. LG iliacha kutengeneza mashine zake za Blu-ray mwishoni mwa 2024, na runinga nyingi mpya hazina hata tundu la plagi ya njano.

Dakika ya 41 ikapita. Miraba ikaja, ikaondoka. Baba aliongea dakika sita na nusu, na tumepoteza kama sekunde 50 katikati, mahali alipokuwa akisimulia jinsi mkwe wetu alivyokuja nyumbani mara ya kwanza. Dada anasema anakumbuka maneno yake. Mama anasema dada anakosea. Wamekuwa wakibishana kuhusu sekunde hizo kwa wiki mbili sasa.

Faili iko kwenye tarakilishi yangu, kwenye diski ya nje iliyo kwa dada, na kwenye simu ya mama. Diski yenyewe nimeirudisha kwenye jalada lake, haijatupwa, huenda siku moja nikapata kiendeshi kitakachozisoma zile 50.

Shangazi amepiga simu mara mbili kuulizia mashine yake. Nitampelekea Jumamosi, na kitambaa chake nitakitandika juu ya meza, chini ya mashine. Sijui kama atakubali.