Mgema aliyekataa kulitia tembo maji

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimu huitumia kuonya dhidi ya majivuno. Leo naomba tuitazame kwa upande wa pili: mgema akikataa kulitia maji, ni nani anayefaidika? Nauliza kwa sababu ya watengenezaji wadogo wa divai nchini Ufaransa, ambao biashara yao ina funzo kwa wakulima wa nchi yetu.

Nieleweke vyema. Siipigii pombe debe. Ninachochunguza ni uhusiano wa anayelima na anayenunua.

Divai ya kawaida hutiwa mengi. Mtengenezaji anaruhusiwa kutumia hamira ya kununua, kurekebisha ukali wake, na kutia salfa ili isiharibike. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi miligramu 150 za salfa katika lita moja ya divai nyekundu isiyo tamu. Kuna wachache, hata hivyo, waliokataa njia hiyo. Wengi wao wanafuata mafunzo ya Jules Chauvet, mkemia na mfanyabiashara wa divai wa eneo la Beaujolais aliyefariki mwaka wa 1989. Mwaka wa 2020 wakapata alama yao rasmi: zabibu ziwe za kilimo hai na zichumwe kwa mikono, divai ichachuke kwa hamira iliyotoka nayo shambani, na salfa isizidi miligramu 30 kwa lita.

Baadhi ya watu hawa hawana mashamba. Wanafanana na mgema wetu wa Pwani, ambaye aghalabu hukwea minazi ya wenzake kwa mapatano, na ambaye tembo lake pia huchachuka lenyewe bila kutiwa hamira. Wao hununua zabibu kwa wakulima wa kilimo hai.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtengenezaji mwenye ghala la dawa aweza kununua zabibu hafifu kwa bei ya chini, kisha akazificha kasoro zake kiwandani. Aliyeapa kutotia kitu hana pa kuzificha. Zabibu iliyooza ikiingia pipani huenda ikatoka siki. Kwa hiyo hana budi kwenda shambani mwenyewe, kuijua mizabibu, kukubaliana na mkulima siku ya kuchuma, na kumlipa vizuri ili msimu ujao asiuze kwingine. Kukataa dawa kiwandani kunampa mkulima nguvu shambani.

Lakini tusidhani kwamba mambo yote ni mteremko. Mkulima wa kilimo hai hupambana na ukungu kwa silaha chache. Shaba anayonyunyizia imewekewa kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika muda wa miaka saba. Mvua ikizidi, mavuno hupotea. Mwezi Aprili 2021 sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi kali, iliunguza machipukizi katika sehemu nyingi za Ufaransa, na hata watengenezaji wenye mashamba yao wakalazimika kutafuta zabibu kwa majirani. Je, hasara kama hiyo ni ya nani? Mnunuzi akilipa kwa kilo pekee, basi ni ya mkulima peke yake. Naona ni haki zaidi kulipa kwa hekta, ili mwaka wa balaa uwe wa wote wawili.

Suala hili si dogo. Mwaka wa 2024 serikali ya Ufaransa, ikikabiliwa na divai iliyokosa wanunuzi, ilitenga euro milioni 120 za kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu, euro 4,000 kwa kila hekta. Mkulima asiye na mnunuzi wa kuaminika hulipwa ili aache kulima!

Aidha, tangu Desemba 2023 sheria ya Ulaya inadai mnywaji aelezwe vilivyomo katika divai. Ni hatua njema, ila haidai atajwe aliyezilima zabibu. Jina linalong'aa chupani ni la mtengenezaji.

Je, hali yetu si hiyo hiyo? Kwa miaka mingi mkulima mdogo wa kahawa amepeleka matunda yake kiwandani, yakachanganywa na ya jirani, akasubiri malipo asiyoyapanga, bila kumjua mnywaji wala kujulikana naye. Bidii yake na uzembe wa mwenziwe hupimwa kwa mizani moja. Vyama vyetu vya ushirika vingefanya vyema kutafuta wanunuzi wanaohitaji zao safi kiasi cha kuja shambani kulikagua na kuliwekea mkataba kabla ya mavuno.

Walimu, mtakapoifundisha tena methali ile, waulizeni wanafunzi swali moja zaidi: mwenye mnazi yuko wapi? Tembo likisifiwa, naye asifiwe, na alipwe.