Vijana na Danadana za Ofisi

Ubaoni kwenye ofisi ya kata wiki hii nimekuta tangazo lililopauka kwa jua: vijana waunde vikundi, waombe mkopo. Dereva wa bodaboda kando yangu akacheka. “Mzee, kata wanatutuma halmashauri, halmashauri wanasubiri maelekezo ya juu.” Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iwe mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Lakini Aprili 2023 agizo la Serikali Kuu lilisimamisha mikopo hiyo, ikarejea 2024. Wizara hutunga sera, mkoa husimamia, halmashauri hutoa fedha. Sawa, ila mgawanyo huo umegeuka kichaka cha kujifichia. Mkurugenzi, bandika ubaoni majina ya vikundi vilivyolipwa, kiasi na tarehe.