Nyasi Zako Hulishwa na Nani?

Ndugu mkulima wa skimu, maziwa yanayonywewa Silanga, kule Kibera, huanzia kwenye nyasi za mashamba kama lako. Na nyasi hizo hulishwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huozesha samadi na mizizi iliyokufa.

Huko Rothamsted, Uingereza, nyasi za kukata zimejaribiwa kwa mbolea tangu mwaka 1856. Mahali palipotiwa salfeti ya amonia miaka mingi bila chokaa, udongo uligeuka mchachu mno, nyungunyungu wakatoweka, na majani makavu yakalala juu kama mkeka bila kuoza. Na mbolea ilikuwapo tele! DAP yetu nayo huchachusha udongo, na sehemu nyingi za nyanda za juu zina uchachu tangu zamani.

Mimi sikubaliani na mtu atiaye gunia lile lile kila msimu. Peleka udongo Kabete, kwenye maabara ya KALRO, upimwe. Ukiwa mchachu, tia chokaa kwanza. Kisha ng'oa klova, upasue kinundu cha mzizi wake. Kikiwa chekundu ndani, vijidudu vinakuvutia naitrojeni ya hewani bure. Usiwafukuze vibarua hao.